Magari yaliyobuma: uzi wa boliti, rejeta na vitu vidogo vilivyoangusha makampuni makubwa

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ukianzishwa uzi wa magari yaliyobuma, watu hukimbilia sura. Litatajwa Pontiac Aztek, itawekwa picha, tutacheka, uzi umeisha. Sikatai, Aztek ni baya. General Motors (GM), kampuni mama ya Pontiac, walilileta kama gari la mwaka 2001 wakiwa na ndoto ya kuuza hadi 75,000 kwa mwaka. Mwaka wao mzuri kuliko yote haukufika 28,000, na 2005 wakafunga hesabu. Lakini sura mbaya unaizoea, tena ukishakaa ndani huioni. Gari linalochemsha hulizoei hata ulipende vipi.

Kazi yangu ni spana. Na nikisoma historia ya magari yaliyoanguka nakutana na kilekile ninachokutana nacho nikiinama kwenye boneti: mara chache wazo zima linakuwa bovu. Wazo zuri, hesabu nzuri, halafu kuna mahali pamoja mtu alibana matumizi, na hapo ndipo gari zima lilipofia.

Mfano wangu wa kwanza ni dizeli ya Oldsmobile. Mwaka 1978, Marekani bado ina kumbukumbu ya foleni za mafuta za 1973, kila mtu anataka gari kubwa linalokunywa kidogo. GM kupitia Oldsmobile wakatoa V8 ya dizeli ya lita 5.7. Wazo safi kabisa. Ila hawakutaka kugharamia mashine mpya za kiwandani kwa ajili ya injini hiyo, kwa hiyo vipimo vingi vya V8 yao ya petroli vikabaki vilevile, ukiwemo mpangilio wa boliti za silinda hedi. Kumi kila upande, matundu palepale.

Fundi yeyote akifika hapo ameshajua kinachokuja. Petroli ya wakati ule ilibana hewa kama mara 8. Dizeli ile ilibana mara 22.5. Hedi inasukumwa juu kila mlipuko, na walioishikilia ni walewale kumi wa zamani. Boliti zinavutika unywele mmoja, gasketi inapata upenyo, maji yanaingia kwenye silinda. Na maji, tofauti na hewa, hayabanwi. Pistoni inapanda, inakutana na maji, haina pa kuyapeleka. Hapo ama konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda, ama kitu kingine kinapasuka, na injini imekwisha.

Sasa sehemu inayoniuma mimi kama fundi. Gari linarudishwa kwa muuzaji. Fundi wa pale ni wa petroli tangu ujana wake, hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha dizeli. Anafungua hedi, anaweka gasketi mpya, halafu anarudisha boliti zilezile zilizokwisha kuvutika. Anabana, ananawa mikono, mteja anaondoka anafurahi. Baada ya muda gari liko pale tena na fundi analaumu gasketi.

Halafu wakabana matumizi mara ya pili. Kwenye dizeli unahitaji kichujio cha kutenganisha maji, kile kikombe chenye koki chini, unafungua maji yanatoka, unafunga. Hawakukiweka. Maji yakafika kwenye pampu ya nozeli na nozeli zenyewe, kutu ikaanza. Wenye magari, kwa mazoea yao ya petroli, wakawa wanamimina kwenye tangi ile spiriti ya kukausha maji. Spiriti ikala kiungo laini ndani ya pampu. Kwa hiyo aliyekuwa anajitahidi kulitunza gari ndiye aliyeliua haraka zaidi.

GM waliifuta mwaka 1985. Wamarekani wakaichukia dizeli ya gari dogo kiasi kwamba kampuni nyingine ziliogopa hata kuigusa. Cha kuchekesha, bloku yenyewe ilikuwa chuma kweli kweli. Watu wa mashindano walikuwa wanazitafuta kwenye magari yaliyotupwa ili wajenge injini za petroli zenye nguvu. Bloku nzima nzima, imefia kwenye boliti.

La pili ni Chevrolet Vega, nalo la GM, la 1971 hadi 1977. Hili nalitaja kwa sababu wahandisi wake walikuwa na akili nyingi, hakuna anayeweza kuwaita wavivu. Waliamua kuyasafirisha kwa treni yakiwa yamesimama wima, pua chini, 30 kwenye behewa lililokuwa likibeba 18. Sasa ukilisimamisha gari lenye oili, maji na betri iliyojaa tindikali, litamwaga kila kitu. Basi wakatengeneza kizuizi ndani ya injini ili oili isitoroke, wakahamisha vifuniko vya betri hadi ukingo wa nyuma ili tindikali isitoke, wakainamisha hadi chupa ya maji ya kuoshea kioo. Gari linashuka kwenye treni, unalipiga starti, linawaka.

Watu waliofikiria hadi chupa ya kuoshea kioo hawakufikiria rejeta.

Rejeta ya Vega, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa ndogo. Na injini yake ilikuwa ya mwisho duniani kustahili rejeta ndogo: bloku ya aluminiamu isiyo na silivu za chuma, pistoni zinasugua moja kwa moja kwenye ukuta wa aluminiamu uliochanganywa na silikoni, na juu yake hedi ya chuma. Aluminiamu ikipata moto inatanuka zaidi ya chuma. Maji yakipungua kidogo tu, injini ikachemsha, ukuta wa silinda unapinda, pistoni inauchuna, na tangu siku hiyo gari linakula oili mpaka kaburini. Bodi nayo ilikuwa inaoza kabla malipo hayajaisha. Waliuza karibu milioni 2 za haya, na jarida la Motor Trend lililipa tuzo ya gari la mwaka 1971. Milioni 2 zimeuzwa, ila kwangu hilo limebuma. Gari si kuuzika tu.

Naishia hapa kwanza, nina hedi mezani. Leteni yenu.

#2

Uzi tayari. Nimeweka kambi na mkeka.

#3

Mkuu umeongea kifundi na umeeleweka, ila unalazimisha nadharia ya boliti kila mahali. Edsel je? Ford walitangaza gari hilo kwa fumbo mwaka mzima, wakaliita la kipekee, wakamwomba hadi mshairi Marianne Moore awatafutie jina. Bibi wa watu akawaletea majina kama Utopian Turtletop, wakamtumia maua na shukrani, kisha wakaamua kulipa jina la mtoto wa Henry Ford aliyefariki. Tarehe 4 Septemba 1957 pazia likafunguliwa. Watu wakajaa kwenye maduka ya magari, wakatazama, wakaenda nyumbani.

Walitarajia 200,000 mwaka wa kwanza. Marekani yaliuzwa takriban 63,000. Mwaka 1958 uchumi ukayumba, watu wakaacha kununua magari ya bei ya kati, na ile grili ya wima mbele ikafananishwa na kiti cha choo. Novemba 1959 wakalizika. Hasara inayotajwa sana ni dola milioni 250, pesa ya enzi hizo. Hapo boliti iko wapi? Hapo kimeua kiburi.

#4 (Mleta uzi)

#3 kiburi nakubali, hilo sikulibishia. Ila usiniambie boliti hazikuwepo, tena kwenye Edsel ndipo zilipokuwa hazipo kabisa! Ford hawakulijengea kiwanda chake. Lilikuwa linapitishwa katikati ya magari ya Ford na Mercury kwenye laini zao. Mfanyakazi anafunga Mercury, Mercury, Mercury, ghafla inakuja Edsel yenye vipuri vingine, halafu inarudi Mercury. Mengine yalifika kwa muuzaji yakiwa na karatasi kwenye usukani inayoorodhesha vitu vilivyosahaulika. Fikiria wewe ni muuzaji, unapokea gari jipya na barua ya kuomba radhi.

Na kuna ile Teletouch. Gia za otomatiki za kubonyeza, vitufe viko katikati ya usukani. Sasa, katikati ya usukani mkono wa dereva umezoea kukuta nini? Honi. Mtu kakatiwa mbele, anapiga kiganja kwa hasira kama alivyozoea miaka yote, vidole vinatua kwenye gia. Isitoshe mota ya umeme iliyokuwa ikibadilisha hizo gia haikuwa na ubavu wa kutosha: ukiegesha kwenye mwinuko bila brekimkono, uzito wote ukalalia kwenye parki, unabonyeza kitufe, mota inaguna na gia haitoki. Gari la kifahari limekwama kwenye kilima limezima heshima zote.

Kiburi kiliwaleta watu dukani. Kilichowarudisha nyumbani bila gari ni walichokikuta baada ya kufungua mlango.

#5

Mmesahau baba lao, Chevrolet Corvair. Injini nyuma, kona kidogo tu gari limepinduka. Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa wanunuzi, aliandika kitabu mwaka 1965, sura ya kwanza yote ni Corvair. Lilikuwa jeneza lenye redio.

#6

#5 taratibu ndugu yangu. Hiyo ya jeneza ni ya vijiweni. Mimi Corvair nimelisoma sana kwa sababu napenda magari ya injini nyuma, nisikilize.

Ekseli za nyuma za Corvair za 1960 hadi 1964 zilikuwa na kiungo upande wa ndani tu, kwenye difu. Gurudumu linapanda na kushuka likiwa limeshikamana na ekseli yake kama bawa la ndege. Ukiingia kona kwa kasi halafu ukaachia mafuta ghafla, mgongo wa gari unanyanyuka, gurudumu la nje linajikunja kuelekea chini ya gari, tairi linasimama kwa ukingo wake. Hapo mkia unatangulia. Hiyo ni kweli kabisa.

Dawa ya kiwandani ilikuwa nini? Upepo! Kitabu cha gari kilisema uweke 15 mbele na 26 nyuma. Tofauti hiyo kubwa ndiyo ilikuwa inafanya mbele kuteleza kwanza kabla ya nyuma, dereva apate onyo. Sasa nani ameona kijana wa pampu anajaza 15 mbele? Alikuwa anaona tairi limelegea, anajaza yote sawa, anakuaga vizuri. Usalama wa familia umekabidhiwa kwa kijana mwenye mpira wa upepo ambaye hajawahi kufungua hicho kitabu.

Kuna fito ya chuma ya kuzuia mlalo, ile inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ambayo ingesaidia sana. Miaka ya mwanzo haikuwekwa, na sababu ni gharama. Ikaja kuwa ya kawaida 1964. Na 1965 wakabadilisha kabisa mfumo wa nyuma, gari likawa tamu. Mwaka huohuo ndio kitabu kikatoka! GM wakaharibu zaidi kwa kumwajiria Nader wapelelezi wa kumfuatilia maisha yake, mwaka 1966 mkuu wao akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti. Kitabu ambacho pengine kingesomwa na wachache kikasomwa na nchi nzima. Na ripoti ya serikali ya 1972 ikaja kusema Corvair halikuwa hatari kuliko magari ya wakati wake lililolinganishwa nayo. Limeshakufa tangu 1969, ripoti itamsaidia nani?

#7 (Mleta uzi)

#6 nakupa mkono. "Usalama umekabidhiwa kwa mwenye mpira wa upepo" nitaiandika ukutani kwangu. Ila umeniunga mkono bila kutaka: fito moja ya chuma.

#8

Na mimi nichomekee Tata Nano, maana hili linanisikitisha. Ratan Tata, bosi wa kampuni hiyo ya India wakati huo, aliona familia nzima juu ya skuta, akasema hawa wapate gari. Januari 2008 likazinduliwa Delhi kwa bei iliyolengwa ya rupia 100,000. Injini ya silinda mbili, cc 624, imekaa nyuma. Waifa mmoja, kioo cha pembeni kimoja, nati tatu kwa gurudumu badala ya nne. Matoleo ya mwanzo huwezi hata kufungua buti kwa nje, unapita kwenye kiti cha nyuma.

Kwangu haya yote si makosa. Ni ubahili uliofikiriwa vizuri, na ukiangalia kwa jicho la fundi unavua kofia. Kilichoua ni mengine. Kiwanda kilianza kujengwa Singur, Bengali ya Magharibi, wakulima wakapinga kuchukuliwa ardhi, kikahamishwa hadi Sanand kule Gujarat. Muda ukapotea. Halafu baadhi yakashika moto, na picha ya gari jipya linaungua ni mbaya kuliko tangazo lolote. Mwaka 2014 likapewa nyota sifuri kwenye jaribio la kugongesha la Global NCAP. Kiwanda chenye uwezo wa 250,000 kwa mwaka hakikuwahi kuuza hata theluthi yake. Juni 2018 wakaunda moja. Gari moja, mwezi mzima!

Lakini Tata mwenyewe alishakiri kosa kubwa: kulitangaza kama gari la bei rahisi kuliko yote duniani. Mtu anaponunua gari la kwanza anataka jirani aone amepanda ngazi. Hataki gari linalotangaza kwamba mfuko wake umeishia hapo. Kwa hiyo mleta uzi, hili nati tatu hazikuliua. Neno moja ndilo lililoliua.

#9 (Mleta uzi)

#8 nimekubali, hilo limenishinda. Nitakalia kimya Nano.

Ila nilete ninalolipenda kuliko yote, NSU Ro 80. Ujerumani Magharibi, 1967. Ukiliona leo huwezi kuamini ni la mwaka huo, bodi limechongwa kukata upepo, vioo vikubwa, breki za diski magurudumu yote. Likawa gari la mwaka 1968 Ulaya. Na ndani lina injini ya Wankel: hakuna pistoni zinazopanda na kushuka, kuna rota mbili za pembe tatu zinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la kiuno cha nyigu. Inazunguka laini kama cherehani. Hata klachi haina pedali. Kwenye kirungu cha gia kuna swichi. Ukikigusa tu, klachi inaachia yenyewe. (Waliozoea kupumzisha mkono kwenye gia walijifunza adabu.)

Sasa kila ncha ya ile pembe tatu ina sili nyembamba inayosugua ukuta muda wote. Hiyo ndiyo kazi ya ringi za pistoni kwa injini nyingine. Zile sili zikaisha kabla ya wakati. Mengine yalihitaji injini nyingine kabla ya kilomita 50,000. Dalili ni kwamba asubuhi linasumbua kuwaka, linatoa moshi, linanywa mafuta kuliko V8. Na utamu wake ndio uliomaliza injini, maana ilikuwa haitetemeki wala kulalamika, dereva anaendelea kukanyaga hajui amepita mstari mwekundu. Baadaye wakaweka kengele ya kumpigia kelele.

NSU walikuwa waungwana, dhamana wakaiheshimu. Mteja akileta gari, anawekewa injini nyingine. Tena nyingine. Uungwana huo ukawatoa roho. Mwaka 1969 wakamezwa na Volkswagen na kuunganishwa na Auto Union, na Ro 80 likaendelea kuburuzika hadi 1977, jumla kama 37,000.

Inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 wakipishana barabarani walikuwa wanasalimiana kwa vidole. Unanyanyua vidole kulingana na injini ulizokwisha kubadilishiwa.

Na wazo lilikuwa zuri! Wajapani wa Mazda walikuwa na tatizo hilohilo, ukuta wa ndani ukachimbwa mikwaruzo waliyoiita kucha za shetani. Wakakaa nayo, wakabadilisha sili mara hii na mara ile mpaka ikatulia, na RX-7 ya 1978 ikauzika kwa malaki. Injini ya mzunguko haikuwa mbovu. NSU walimuuzia mteja kabla ya kumaliza kazi ya sili.

#10

Trabant vipi? Bodi la plastiki jamani.

#11

#10 Trabant halikubuma, wewe. Gari ambalo watu wanapanga foleni zaidi ya miaka 10 limebuma wapi? Wa Ujerumani Mashariki walikuwa wanaagiza mapema kama mtu anayepanda mnazi. Na ile si plastiki ya ndoo, ni Duroplast, taka za pamba zimeshindiliwa na gundi. Haipati kutu, muulize mwenye Vega. Injini ni silinda mbili za kuchanganya mafuta na oili kama msumeno wa mbao, nguvu za farasi 26, tangi liko juu ya injini petroli inashuka yenyewe, pampu ya mafuta haihitajiki. Ukitaka kujua mafuta yamebaki kiasi gani unachomeka kijiti. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Lilibuma siku Ukuta wa Berlin ulipoanguka na watu wakaona kuna kingine cha kununua. Wakalipachika injini ya Volkswagen mwaka 1990, ikawa kama kumvisha babu viatu vya mpira. Aprili 1991 likaisha.

#12

Mimi sina historia ndefu, nina kidonda. Gari langu la pili, kampuni nailinda. Nililinunua kwa mtu, kaniambia mkanda wa taimingi umebadilishwa juzi. Sikufungua kuangalia, nani anafungua? Nikiwa barabara kuu, mwendo wa kawaida, kukasikika "tap!" kama mtu kavunja kijiti, kisha kimya. Usukani ukawa mzito. Nikasogea pembeni, nikapiga starti. Starti ikazunguka kirahisi, kirahisi mno, kama haina mzigo. Anayejua mlio huo anajua.

Fundi alifungua kava akanitolea mkanda. Meno kama kumi hivi yamenyolewa, mahali pake pako laini kama kiganja. Akaweka valvu mezani moja moja, kila moja imeinama kidogo kama inasikiliza jambo. Kati ya 16 zilipona mbili.

Swali langu: kwa nini mtu abuni injini ambayo mkanda ukikatika pistoni inapiga valvu?

#13 (Mleta uzi)

#12 pole sana, mlio huo nauota usiku.

Jibu ni kwamba nafasi ni ileile, inagombaniwa. Ukitaka kubana hewa vizuri na valvu zifunguke kwa upana, pistoni na valvu zinapita mahali pamoja kwa zamu. Anayepanga zamu ni mkanda. Ubunifu wenyewe si kosa, magari mengi mazuri yako hivyo. Kosa ni kumuuzia mtu asiyeelezwa.

Angalia Yugo. Zastava wa Kragujevac, Yugoslavia ya zamani, walichukua ufundi wa Fiat, mfanyabiashara Malcolm Bricklin akalipeleka Marekani 1985 kwa dola 3,990, jipya, kutoka dukani. Lita 1.1, nguvu za farasi 55. Mkanda ulitakiwa kubadilishwa kila maili 40,000, na ni wa aina hiyohiyo, ukikatika valvu zimekwenda. Sasa nani ananunua gari jipya la bei rahisi kuliko yote sokoni? Mtu ambaye hana akiba ya sevisi. Utamwambia alipie kubadilisha mkanda ambao kwa macho yake ni mzima? Anaendelea mpaka "tap". Halafu anasema Yugo ni takataka, na vichekesho vikaanza. Mwaka 1992 likatoka Marekani baada ya kuuza kama 141,000. Kwao liliendelea kuundwa hadi 2008, maana huko kila mtaa una mtu anayejua mkanda wa Fiat.

#14

Kuna lililookoka nalo litajwe, Mercedes A-Class. Oktoba 1997 waandishi wa jarida la Sweden, Teknikens Värld, walilijaribu kukwepa kitu barabarani, kushoto kisha kulia kwa ghafla kama umemkwepa mnyama. Likapinduka. Mercedes! Mwanzoni wakabisha kidogo, kisha wakasimamisha mauzo, wakarekebisha miguu ya gari na kuweka ESP, mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza, kwenye yote bila kumtoza mteja, wakati huo kitu hicho kilikuwa cha magari makubwa ya gharama. Gari likauzika miaka. Wangefanya kama GM kumtumia mwandishi wapelelezi, leo A-Class lingekuwa kwenye #1.

#15

Nasoma tu ila #9 imenichekesha mpaka nimetoa siri. Gari langu lina giaboksi ya klachi mbili kavu, ile inayotetemeka ukianza kuondoka kama inaona baridi. Nimeshabadilisha klachi mara mbili. Mtaani kwetu kuna mzee ana gari kama langu, rangi tu tofauti, na siku zote tukipishana tunapungiana kwa unyonge bila kuambiana kitu. Juzi nikamtumia uzi huu.

Leo asubuhi tumepishana kwenye kona. Nikanyanyua vidole viwili juu ya usukani. Mzee akashusha kioo kabisa, akatoa mkono wote nje.